Miaka Minne kabla ya Jukwaa: Nikolaus Harnoncourt na Ala za Kale

Mabibi na mabwana, kila ninapomzungumzia Nikolaus Harnoncourt, mpiga selo na kiongozi wa okestra wa Austria aliyepiga muziki wa zamani kwa ala za zama zake, huulizwa kwanza juu ya ala hizo, kana kwamba mtu akishafunga nyuzi za utumbo wa mnyama, kama zilizotumika zamani, kwenye fidla kazi imekwisha. Nami kila mara huomba tuanze na mwaka 1953. Mwaka huo yeye, mkewe Alice aliyekuwa mpiga fidla, na wenzao wachache waliunda kundi la Concentus Musicus mjini Vienna, wala hawakupanda jukwaani mbele ya umma hadi mwaka 1957. Miaka minne mizima! Riziki aliipata kwa kupiga selo katika Okestra ya Simfoni ya Vienna, na saa zilizobaki alizitumia nyumbani pamoja na wenzake, wakijaribu upinde huu na ule, wakisoma maandiko ya walimu wa karne ya 17 na ya 18, na kuzizoea ala ambazo hazikuutii mkono uliolelewa na ala za kisasa. Nalisisitiza hili kwa sababu nimechoka kuona watu wakifunga nyuzi za utumbo Jumatatu na kutangaza tamasha Jumamosi.

Mtu ataniambia kwamba Bach, mtunzi wa Ujerumani wa karne ya 18, angeipata okestra ya leo angeifurahia. Huenda, lakini aliandika kwa ajili ya sauti alizozisikia, na sauti ya uzi wa utumbo hufifia mapema, hivyo kila nota huachana na jirani yake kama silabi kinywani mwa msemaji hodari. Kwa Harnoncourt muziki huo ulikuwa usemi, na ndiyo maana mwaka 1969, baada ya miaka 17, aliiacha Okestra ya Simfoni ya Vienna, akiwa hawezi tena kuvumilia Simfoni ya 40 ya Mozart ipigwe kwa utamu mtupu.

Wala hakuziabudu ala hizo: simfoni zote 9 za Beethoven alizirekodi mjini Graz, Austria, na Okestra ya Chemba ya Ulaya kwa ala za kisasa, isipokuwa tarumbeta, ambazo zilikuwa za kale zisizo na vali, yaani vibonyezo vya kubadilishia nota.

Kantata za Bach, yaani nyimbo zake za kanisani za waimbaji na ala, ambazo aligawana kuzirekodi na mpiga kinanda Mholanzi Gustav Leonhardt tangu 1971 hadi 1990, zinahitaji mhadhara wa peke yake, na opera za mtunzi Mwitalia Monteverdi alizoziongoza huko Zürich sina budi kuziruka. Tarehe 5 Desemba 2015, siku moja kabla ya kutimiza miaka 86, aliwaandikia wasikilizaji wake kwa mkono kwamba mwili unamlazimu kuacha, na kwamba wao na wanamuziki wamekuwa jumuiya moja yenye furaha ya wavumbuzi.