Malindi Jua Huchwea Bara

Wapigapicha wenzangu, tuanze na jambo ambalo wageni wengi husahau: Malindi imetazama mashariki. Jua huchomoza baharini, huchwea bara. Anayetaka machweo basi aipe bahari mgongo, ashike njia ya Ganda, au ile ya kwenda lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki, au afike Marafa, ambako kuta za korongo la Nyari huwa nyekundu kama tofali mwanga wa jioni ukizipiga.

Huku kwetu karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, tena upesi. Nyoosha mkono, ulaze vidole kati ya jua na upeo wa macho. Kila kidole ni kama dakika 8. Vikienea vinne tu, umebakiwa na nusu saa, na wakati huo stendi ya kamera iwe imeshasimama. Mwanzoni mwa Novemba jua huchwa mnamo saa kumi na mbili na dakika kumi. Februari, karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini. Mahali pa kuchwea nako huhama: Machi na Septemba ni magharibi kamili, Juni jua husogea kaskazini kwa nyuzi 23 hivi, Desemba kusini kwa kiasi hicho hicho. Njia iliyopokea jua katikati yake Machi haitalipokea Juni.

Watu hulalamika kwamba jua limetoka dogo kama punje. Sababu ni lenzi pana. Kwa lenzi ya milimita 24 jua hujaa robo ya milimita tu kwenye kihisio, yaani kibati cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Kwa milimita 200 hufika karibu milimita 2. Ukitaka jua lilingane na mtu aliyesimama njiani, kaa mbali naye kiasi cha mita 180 ukiwa na lenzi ndefu. Mbuyu ambao matawi yake yameenea mita 10 unataka zaidi ya kilomita moja, kwa hiyo tafuta mahali palipo wazi. Na tafadhali, kwa lenzi hiyo msilichungulie jua kupitia tundu la kamera. Jicho huungua. Tumieni skrini.

Kipimo cha kuanzia: ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/11 (uwazi mdogo wa lenzi), faili ghafi (RAW). Pima mwanga kwenye anga iliyo kando ya jua, kisha punguza hatua moja, yaani nusu ya mwanga, kwa maana anga iliyokwisha kuwa nyeupe haina rangi ya kurudishwa. Mizani ya rangi iweke kwenye alama ya jua. Ukiiachia kamera, itaiona rangi ya chungwa kuwa kosa na kuisafisha. Kwenye simu, bonyeza angani ushikilie mpaka ifunge, halafu shusha mwanga.

Sasa vumbi, ambalo ndilo uzuri na adha ya njia zetu. Bodaboda ikipita mbele ya jua, usipige papo hapo. Ngoja vumbi zito litue; lile jepesi linalobaki hewani ndilo linalong'aa. Lakini siku ambayo anga nzima imejaa vumbi, machweo hufifia. Rangi kali huja baada ya mvua ya vuli kuiosha hewa, na madimbwi ya njiani hukupa anga ya pili. Usibadilishe lenzi nje. Ingia garini, funga vioo, mdomo wa kamera uelekee chini. Kioo cha lenzi kipulize kwanza, ndipo ukifute, maana mchanga uliochanganyika na chumvi ya pwani hukwaruza.

Jua likishachwa, msifunge mikoba. Mawingu membamba ya juu huweza kuwaka dakika kumi au kumi na tano baadaye. Kisha geukeni mashariki: juu ya bahari kuna ukanda wa waridi, na chini yake buluu nzito, ambayo ni kivuli cha dunia yenyewe. Hapo shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, hushuka hadi robo sekunde na zaidi, kwa hiyo tumia kipima muda cha sekunde 2 usiitikise stendi. Kusi ikivuma na makuti ya mikoche yakicheza, pandisha ISO hadi 800 na ufungue lenzi hadi f/5.6.