Nyota ya Punda ukutani Ferrara: nimetoka kuona atlasi ya picha ya Aby Warburg, Berlin

Asalaam aleikum ndugu zangu. Wa Pemba, wa Unguja, wa Bara, wa Mombasa, na nyinyi mlioko Muskati, karibuni. Nipo Berlin, nje ya Haus der Kulturen der Welt, hili jengo la paa lililopinda ambalo wenyeji wameliita chaza mjamzito. Barakoa nimeishusha kidogo mpate kunisikia. Maonyesho ya atlasi hiyo yamefunguliwa tarehe 4 Septemba 2020, nami leo nimezunguka humo ndani saa tatu nzima, na nitarudi.

Aby Warburg, mwanahistoria wa sanaa, alizaliwa Hamburg mwaka 1866, kifungua mimba wa ukoo wa mabenki. Alipokuwa na miaka 13 alimwachia mdogo wake Max urithi wa benki, kwa sharti kwamba Max amnunulie kila kitabu atakachotaka maisha yake yote. Max mwenyewe ndiye aliyekuja kusimulia. Maktaba iliyotokana na ahadi ile ilikuwa na neno moja juu ya mlango: Mnemosyne, mungu wa kike wa kumbukumbu kwa Wagiriki wa kale. Na ndilo jina la hii atlasi.

Alikuwa akitafuta njia. Miungu ya Wagiriki na Warumi, mikono yao iliyoinuliwa, nguo zao zinazopepea, vilio vyao, vilipita wapi hata vikaibuka upya Italia ya karne ya 15? Jibu alilibandika kwenye mbao kubwa zilizovikwa kitambaa cheusi: picha za sanamu, michoro, ramani za nyota, hata stempu za posta na mwanamke anayecheza gofu, aliyekatwa gazetini. Alikuwa akihamisha, akibandua, akipanga tena, mpaka mauti yakamkuta Oktoba 1929.

Mbao zikavunjwa, picha zikarudi makabatini. Mwaka 1933 maktaba yote ikapakiwa melini kwenda London, kuwakimbia Wanazi. Za atlasi zikabaki picha zilizopigwa za hizo mbao tu, nyeusi na nyeupe. Sasa fikirieni kazi ya Roberto Ohrt na Axel Heil, walioandaa maonyesho haya: wameingia kwenye hazina ya picha ya Taasisi ya Warburg huko London, yenye picha kama 400,000, wakachambua mpaka wakazipata karibu zote 971 za asili, wakazirudisha kwenye mbao 63. Nyingine ni ndogo kama kadi ya posta, kingo zimeiva rangi ya chai. Unasogea mpaka pumzi yako inagusa.

Ubao wa 46 ulinishika miguu. Kuna binti anaingia mbio na kapu la matunda kichwani, nguo inajaa upepo. Mchoraji Ghirlandaio alimchora kanisani Florence. Kwenye ubao huohuo yupo mwanamke wa kijijini Settignano, akitembea zake njiani, na hiyo Warburg aliipiga mwenyewe. Mwendo ni mmoja. Mimi niliyekulia Wete, Pemba, kwa wanawake wanaotoka sokoni na vikapu kichwani, sikuhitaji maelezo.

Lakini lililonitoa machozi ni ubao wa 27. Hapo pana kuta za jumba la Schifanoia mjini Ferrara, zilizochorwa karibu na mwaka 1470. Katika mwezi wa Machi, penye nyota ya Punda, ile ambayo wazee wa falaki huiita Hamali, amesimama mtu mweusi mwenye nguo nyeupe zilizochanika, kiunoni kafunga kamba. Watu walimtazama miaka mingi wasijue ni nani. Mwaka 1912, Warburg alisimama Roma akaeleza: kila buruji, yaani kila nyota ya unajimu kama Punda, hugawanywa mafungu matatu, na kila fungu lina mlinzi wake. Huyu ni mlinzi wa fungu la kwanza la Hamali. Asili yake ni Perseus, shujaa wa hadithi za Wagiriki. Akasafiri mpaka India, akabadilika sura, akarudi magharibi kupitia kitabu cha mnajimu mmoja wa Baghdad, mzaliwa wa Balkh.

Abu Maashar.

Ndugu zangu, jina hilo si geni pwani kwetu. Vile vitabu vya falaki vilivyobeba jina la Abu Maashar al-Falaki, ambavyo waganga wa kitabu hufungua wakakuuliza jina lako na la mama yako! Babu yangu alikuwa nacho. Mimi nikikiona ni kitabu cha nyumbani tu, cha Kiarabu, chenye harufu ya udi. Leo nimelikuta jina hilohilo Berlin, likiwa daraja kati ya Ugiriki na Italia. Watu husema mambo ya kale ya Ulaya kana kwamba yalikaa Ulaya yakisubiri kuamshwa. Ukutani Ferrara yupo mtu mweusi aliyepita mikononi mwa Wahindi, Waajemi na Waarabu, na njia hiyohiyo imefika mpaka Wete.

Mama, najua unatazama. Kile kitabu cha babu kipo kwenye sanduku, chini ya kanga za bibi. Mwambie kaka akifungue taratibu, maana mshono umelegea, apige picha ukurasa wa Hamali, na kama una mchoro autoe karibu kabisa, anitumie kwa WhatsApp. Ijumaa narudi humu ndani, nataka nisimame nayo mbele ya ubao wa 27.