"Take off" haifundishiki kwa orodha

Assalaamu alaykum, walimu wenzangu wa Unguja na Pemba. Nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia, kwa sababu madaftari ya watoto wetu bado yameandikwa hivi: take off, kuvua, kupaa, kupunguza. Mtoto anaikariri safu hiyo usiku kucha, na siku ya mtihani haimfai kitu.

Juzi nilimsikiliza kijana mmoja mtembeza wageni, Mji Mkongwe, anawaingiza watalii kwenye nyumba iliyotandikwa zulia. Akawaambia vizuri kabisa: take off your shoes. Mgeni mmoja akasita na viatu vyake, kijana akamhimiza: take off them! Alieleweka, lakini Mwingereza hasemi hivyo. Husema take them off. Ukilitaja jina la kitu una hiari: take off your shoes, take your shoes off, zote sawa. Ukitumia them au it, hiari imekwisha, lazima ikae katikati. Na hili Mswahili analo mdomoni kila siku! Tunasema "nimevivua". Hiyo vi ya viatu imekaa wapi? Si ndani ya kitenzi? Anzieni hapo, mtoto atashika mara moja.

Mtaniambia darasa limejaa, orodha ndiyo nyepesi. Sikubali. Nani alikufundisheni "kupiga" kwa orodha? Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mbizi, na mtoto wa Mkoani hachanganyi hata moja, maana kila neno amelisikia pamoja na mwenziwe.

Basi fundisheni sentensi nzima, na muulize kinyume chake. Kinyume cha kuvua viatu ni put on. Ndege inapoondoka Kisauni, the plane takes off, kinyume chake ni land, na hapo hapana cha kutia katikati, ndege yenyewe ndiyo inayopaa. Na kilimo cha mwani? Kilianza kibiashara huku kwetu mwaka 1989, kikashika kasi Paje na Jambiani. Seaweed farming took off. Ukiweka put on au land hapo, sentensi inakufa, na mwanafunzi anaona mwenyewe kwamba hii ni maana nyengine.

Kuna take Monday off, kupumzika kazi Jumatatu; kuna take a thousand off the price, kupunguza elfu moja kwenye bei; kuna na take someone off, kumwigiza mtu. Hizo nazipita, wakati hautoshi. Karibuni maswali, tuanze na walimu wa skuli za msingi.