Juma Bila P

CHANTAL: Karibuni tena kwenye kipindi chetu cha mpira wa kikapu. Miye Chantal, na huyu mwenzangu… jitaje.

PATRICK: Ni yule yule wa kila juma.

CHANTAL: (anacheka) Hawezi kusema jina lake! Jumamosi alikula kisukusuku cha mdomo uwanjani Kenya. Kenya yetu, mtaa wa Lubumbashi hapa Kongo, siyo ile ya Nairobi. Ameshonwa nyuzi tatu. M inapita, B inapita kwa taabu, ila akijaribu P uzi unavutika.

PATRICK: Na bukari, ugali wetu, sijaonja siku nne. Mama watoto ananitengenezea uji, nauvuta kwa mrija. Jana alitoa matamba, kisamvu cha karanga, nikanusa tu.

CHANTAL: Bila pilipili?

PATRICK: Bila kile kitu, yaya.

CHANTAL: Bon. Leo ni fujo uwanjani na usalama wa wachezaji. Nina mafunzo matatu kwenye karatasi. Anza wewe: fujo ya NBA, ligi kuu ya Marekani, tarehe 19 Novemba 2004.

PATRICK: Auburn Hills. Detroit na Indiana.

CHANTAL: Detroit nani?

PATRICK: Detroit ya Michigan.

CHANTAL: Timu, bwana!

PATRICK: Wale… vyuma vya ndani ya injini.

CHANTAL: Na wageni wao? Na ukumbi?

PATRICK: Ukumbi ni nyumba ya mfalme. Wageni, niache.

CHANTAL: Pistons, Pacers, Palace! Mechi yote ilichezwa kwa herufi yako!

PATRICK: Wacha nieleze. Ilibaki chini ya dakika moja. Artest wa Indiana akamfanyia Ben Wallace wa Detroit faulo ngumu, Wallace akamsukuma kwa mikono miwili. Artest akaenda kujilaza juu ya meza ya maofisa. Shabiki mmoja akamrushia bilauri ya kinywaji. Artest akaruka hadi jukwaani na kumkamata mtu mwingine kabisa, siyo aliyerusha. Akafungiwa mechi 86, msimu ukaisha bila yeye.

CHANTAL: Na umemaliza bila hata P moja, mjanja. Sasa kijana aliyekuumiza: afungiwe?

PATRICK: Ana miaka 17, anaota kuwa Biyombo aliyecheza NBA, mzaliwa wa humu humu mjini. Aligeuka na rebaundi, ile inayodunda kutoka kwenye ringi, miye nikawa nyuma yake. Jioni akaja nyumbani na mama yake kuniomba msamaha. Hakukusudia.

CHANTAL: Mdomo wako unajua kusudi? Mwaka 2017 Pachulia wa Golden State aliingiza mguu chini ya Kawhi Leonard, mwenzake akiwa anatua. San Antonio, timu ya Leonard, walikuwa mbele kwa pointi zaidi ya 20. Leonard akatoka, hakurudi tena, mechi ikapotea na raundi nzima ikapotea. Baada ya hapo ligi ikawaambia waamuzi watazame nafasi ya kutua, wasihangaike na moyo wa mtu.

PATRICK: Faulo kali, sawa. Kumfungia mtu mechi kumi ni jambo lingine. Ukihesabu nyuzi ndiyo uadhibu, mwenye ngozi laini atafungisha ligi nzima.

CHANTAL: Na Kermit Washington, 1977? Tomjanovich wa timu pinzani alikuwa anakimbia kuja kuamua ugomvi. Washington akageuka na ngumi, uso wa mwenzake ukavunjika, msimu ukamwishia. Alisema hakujua nani anakuja. Naye tumsamehe?

PATRICK: Ile ni ngumi! Ngumi inajua inakokwenda. Kisukusuku cha rebaundi siyo ngumi. Na huyo Pachulia wako… aïïï!

CHANTAL: Amesema! Damu?

PATRICK: Kidogo. Lete kitambaa.

CHANTAL: Shika. Ona sasa, huyo mtoto amekuumiza mara mbili, na wewe bado unamtetea.

PATRICK: Bado.

CHANTAL: Miye bado ningemfungia. Mechi mbili.

PATRICK: Hata moja siyo.

CHANTAL: Ya Mungu wangu, batri ya simu iko asilimia 4 na umeme haujarudi. Mafunzo yangu!

PATRICK: Soma la kwanza, haraka.

CHANTAL: "Vaa kinga ya meno."

PATRICK: Yaya, meno yangu yote ni mazima.

CHANTAL: Basi la pili… hapana, asilimia 2. Aga watu. Jitaje!

PATRICK: Yule yule. Na matamba mniwekee.