Gari la Nyumbani Liliuzwa: Familia ya Schneider na Malori Yake

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Leo nitazungumzia familia moja tu ya wasafirishaji. Nikiwatajia kumi, mtaondoka na majina bila kisa.

Mwaka 1935, huko Green Bay, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, Al Schneider aliuza gari la familia akanunua lori. Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ulikuwa haujaisha. Fikirini uzito wa uamuzi huo: wenye nyumba wanakosa usafiri wao ili baba apate chombo cha kubebea mizigo ya wengine.

Mwaka huohuo ilipitishwa sheria iliyowabana wasafirishaji kwa miaka 45. Kubeba mzigo wa malipo kuvuka mpaka wa jimbo kulihitaji kibali, na kibali kilieleza ubebe nini na upeleke wapi. Uliweza kuruhusiwa kupeleka bidhaa mji fulani, lakini mzigo wa kurudi nao usiruhusiwe kuugusa. Tela linarudi tupu, mafuta yanaungua vilevile, tairi zinalika vilevile. Aliyewahi kuwa na lori anajua maumivu hayo. Basi vibali vikawa mali. Kampuni zilinunuliwa kwa ajili ya vibali vyake, na mzee aliyeviacha alionekana amewaachia watoto urithi wa maana.

Mwanawe Al, Don, aliingia kazini akiwa na miaka 18, akimsaidia fundi karakanani na kuendesha lori. Baadaye alikwenda jeshini, akasomea biashara chuo kikuu, na mwaka 1961 akarejea kwa baba yake. Mimi ile karakana naipa uzito kuliko shahada. Mtoto aliyepaka mikono grisi hadanganywi kirahisi na hesabu za matengenezo.

Don alishika usukani mwaka 1976. Miaka minne tu baadaye, sheria mpya ya 1980 ikafungua soko, na vibali vilivyokusanywa kwa miongo vikawa karatasi. Kampuni nyingi kongwe zilikufa. Walichorithi kilikuwa ruhusa ya kuwazuia wengine, na ruhusa hiyo ilipoondolewa hawakubaki na kitu. Ninawasikitikia, maana walifuata sheria kama ilivyoandikwa.

Don alikwenda kulitafuta lile tatizo la zamani, tela tupu. Siku hizo dereva akishashusha mzigo alisaka simu ya kulipia kando ya barabara, akapanga foleni na sarafu mkononi, apige ofisini kuuliza, "Sasa niende wapi?" Muda huo wote lori limesimama. Mwaka 1988 Don akaanza kufunga vifaa vya mawasiliano ya setilaiti kwenye malori yake, wakati wengi wakiona ni gharama isiyo na maana. Ofisi ikajua kila lori liko wapi, na dereva akasoma ujumbe wa mzigo unaofuata akiwa ndani ya kabini yake. Ule utafutaji wa simu ukaisha.

Mwaka 2002 akaachia uongozi, na kiti hakikwenda kwa mtoto wake. Kilikwenda kwa Christopher Lofgren, asiye wa ukoo, aliyekuwa amesimamia mifumo ya kompyuta ya kampuni. Don alifariki 2012. Hisa zilipoingia soko la New York mwaka 2017, kura nyingi za wenye hisa, zile zinazoamua mambo ya kampuni, zilibaki kwa familia.