Jumapili hii tunasogeza saa mbele huku Ujerumani: ilianzaje, na ina faida gani

Asalaam aleykum ndugu zangu, habari za Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, Kilwa, wote mnaoangalia nawasalimu sana, na wazee wetu shikamooni. Ni mimi kijana wenu wa Mikindani niko huku Hamburg, na leo naongelea saa, kwa sababu usiku wa kuamkia Jumapili hii, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu, nchi nzima huku inasogeza saa mbele. Yaani ikifika saa nane usiku inageuka inakuwa saa tisa hapo hapo, ile saa ya katikati haipo kabisa, halafu Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi wanairudisha, ikifika saa tisa inarudi saa nane tena. Sasa hivi mko mbele yetu kwa saa mbili, kuanzia Jumapili itakuwa saa moja tu, kwa hiyo mama zangu na shangazi zangu mnaonipigia baada ya isha naombeni mlikumbuke hilo.

Kuna mtu aliniuliza wiki iliyopita, hivi kweli serikali inaweza kuamrisha saa? Ndiyo, ni sheria, na Ulaya karibu yote inabadilisha kwa dakika ile ile moja. Saa nyingi za ukutani huku hata huzigusi, kuna mtambo wa redio pale Mainflingen karibu na Frankfurt unarusha mawimbi ya saa usiku na mchana, saa inapokea inajirekebisha yenyewe. Treni za usiku mwezi wa kumi zinasimama kituoni zikisubiri ile saa iliyojirudia ipite ndiyo ziendelee, zisije zikafika kabla ya ratiba.

Mimi nafanya kazi ya kuhudumia wazee, shifti za usiku, na huo usiku wa mwezi wa kumi ni mrefu kweli kweli, una saa moja zaidi. Na kuna jambo la kuandika dawa, ukimpa mzee dawa saa nane na nusu, ni saa nane na nusu ipi, maana usiku huo ziko mbili! Wajerumani kwa hesabu yao hiyo ni saa ya 2, basi ile ya kwanza wanaiita 2A na ya pili 2B, ukiandika lazima ieleweke.

Sasa kwa nini wanafanya hivi. Ukiwa Mtwara ni ngumu kuelewa, kwa sababu kwetu jua halina mambo mengi, linachomoza kati ya saa kumi na mbili kasorobo na saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi mwaka mzima, mchana mrefu kabisa wa Desemba na mfupi kabisa wa Juni vinapishana saa moja na kidogo tu. Ndiyo maana hata sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapotoka, jua likishatoka saa moja asubuhi hiyo, tunaelewana. Njoo nalo hilo Hamburg uone. Desemba jua linatoka saa mbili na nusu asubuhi imeshapita, saa kumi alasiri limezama, watoto wanakwenda shule giza na watu wanatoka kazini giza. Halafu Juni mchana unakuwa wa saa kumi na saba, jua linatoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri na linazama karibu saa nne usiku, na hapo ni baada ya kusogeza saa, wasingesogeza lingekuwa linatoka kabla ya saa kumi watu wote wamelala fofofo. Basi hiyo ndiyo hoja yenyewe, kwamba mwanga unapotea asubuhi bure, tuuchukue tuupeleke jioni watu wautumie.

Wengi wanasema aliyeanzisha ni Benjamin Franklin, yule Mmarekani. Hapana, yeye mwaka 1784 aliandika barua kwenye gazeti la Paris kwa utani, kwamba watu wa Paris wakiamka mapema wataokoa mishumaa, hakusema habari ya kubadilisha saa. Aliyeleta wazo la kusogeza saa ni George Hudson wa New Zealand mwaka 1895, alikuwa anafanya kazi posta na anapenda kukusanya wadudu, akitoka kazini mwanga haumtoshi, akapendekeza saa zisogezwe kwa saa mbili wakati wa kiangazi. Halafu Uingereza akaja mjenzi wa nyumba William Willett, mwaka 1907 akatoa kijitabu akilalamika mwanga unavyopotea, yeye alitaka dakika 80 zisogezwe kidogo kidogo, dakika 20 kila Jumapili kwa Jumapili nne za mwezi wa nne. Alihangaika nalo mpaka bungeni, wakamkatalia, akafariki mwaka 1915.

Mwaka mmoja baadaye vita ikafanya kile ambacho yeye alishindwa. Ujerumani na Austria-Hungaria wakasogeza saa tarehe 30 Aprili 1916, wanataka kubana makaa ya mawe kwa ajili ya vita, na wiki chache tu Uingereza naye akafuata tarehe 21 Mei. Wamarekani wakaanza 1918. Na hapa nataka mnielewe vizuri, vita hii ndiyo ile ile iliyofika kwetu, wakati wanasogeza saa huku Lindi bado ilikuwa chini ya Mjerumani, na mwezi wa kumi 1917 yakatokea mapigano makubwa pale Mahiwa, kusini yetu ikaumia sana, wapagazi, njaa, watu wakafa. Kwa hiyo mtu akikwambia saa za kiangazi zililetwa ili watu wafurahie jua, mwambie zilianza kama hesabu ya vita.

Vita ilipokwisha Ujerumani ikaacha, ikarudia tena kuanzia 1940 mpaka 1949, ikaacha. Hizi za sasa zilianza mwaka 1980, kwa sababu ya mgogoro wa mafuta wa 1973 na kwa sababu majirani walishaanza, na Ujerumani Mashariki na Magharibi zote mbili zikaanza mwaka huo huo. Jambo jingine, wanasema ni kwa ajili ya wakulima, siyo kweli jamani, wakulima wa Marekani ndio walioipinga mpaka ikafutwa mwaka 1919, maana umande haukauki kwa kufuata saa ya ukutani wala ng'ombe hajui leo kakamuliwa mapema. Mvuvi wa Msimbati anaelewa hili bila kufundishwa, anaangalia maji kupwa na kujaa, anaangalia mwezi, basi.

Faida sasa. Ile jioni ya Juni ni nzuri mno, watu wametoka kazini saa kumi na moja na bado wana saa tano za mwanga, wanakwenda mtoni Elbe, watoto wanacheza mpira, wenye maduka na migahawa wanauza, mtu aliyekaa kwenye giza miezi mitano anahitaji hilo kabisa na mimi mwenyewe nalipenda. Lakini ile faida ya umeme ambayo ndiyo iliyotumika kuwashawishi watu, imeyeyuka. Jimbo la Indiana kule Marekani lilipoanza kubadilisha saa jimbo zima mwaka 2006 watafiti wakaangalia bili za majumbani, matumizi yakapanda kwa kama asilimia 1, kwa sababu taa ulizozima jioni zinafidiwa na viyoyozi na hita. Ripoti iliyoandaliwa kwa ajili ya Bunge la Ujerumani mwaka 2016 nayo ikakuta akiba ni ndogo sana.

Na hasara ipo mwilini. Sweden walitoa utafiti mwaka 2008, wiki ya kwanza baada ya kusogeza saa mbele, mishtuko ya moyo iliongezeka kwa takriban asilimia 5. Mimi naona kwa wazee wangu kazini, hasa wenye ugonjwa wa kusahau, wiki hiyo wanachanganyikiwa, unamwamsha mtu mwili wake unamwambia bado usiku, chakula hataki, jioni jua linawaka unamwambia alale hakubali, anakukasirikia, na ana haki.

Halafu sisi Waislamu tuna la kwetu. Ramadhani ikiangukia Juni kama ilivyokuwa 2016, huku unafunga zaidi ya saa kumi na nane, saa za kiangazi haziongezi urefu wa funga lakini zinasukuma futari mpaka karibu saa nne usiku na isha karibu na saa sita, halafu asubuhi kazi iko pale pale. Morocco wameliona hili, wao wamesogeza saa mwaka mzima lakini Ramadhani ikiingia wanairudisha nyuma, ikiisha wanasogeza tena. Huo ni uamuzi wa watu wanaojijali.

Ulaya wenyewe wamechoka. Mwaka 2018 waliwauliza wananchi, wakajibu watu milioni 4.6, na karibu milioni 3 walikuwa Wajerumani, asilimia 84 wakasema iachwe. Machi 2019 Bunge la Ulaya likapiga kura 410 kwa 192 kuacha ifikapo 2021, na mpaka leo bado tunageuza kwa sababu serikali hazijakubaliana kila nchi ibaki na saa ipi. Mimi nasema wabaki na saa za baridi, ndizo zilizo karibu na jua, na wanaotafiti usingizi wengi wanasema hivyo hivyo.

Kuna mdogo wangu wa Nachingwea aliuliza kama Tanzania nayo iige. Hapana mdogo wangu, kwetu hakuna mwanga wa kuokoa. Mtwara na Kigoma tu jua linapishana kama dakika arobaini kwa saa ile ile moja na tunaishi vizuri. Namibia walikuwa wanabadilisha wakaacha 2017, Mauritius walijaribu msimu mmoja wa 2008 kwenda 2009 wakaacha. Misri ndio waliorudia mwaka 2023, lakini wao wako mbali na ikweta.

Kinachowagusa nyie ni mpira. Mechi za Uingereza za Jumamosi saa tisa alasiri ya kwao mlikuwa mnaziangalia saa kumi na mbili jioni, kuanzia wiki ijayo ni saa kumi na moja, na zile za usiku za Ligi ya Mabingwa zilizokuwa zinaanza saa tano zinaanza saa nne. Wenye vibanda umiza pale Chikongola na Lindi mjini badilisheni ubao mapema.