Frankenstein: nani hapo ndo mtu?

NEEMA: Haya karibuni tena jamani, leo tuko na Frankenstein ya Mary Shelley, na kabla kaka Baraka hajaanza niseme tu sio lile la kwenye muvi, lijitu lenye nati shingoni linaguna guna. La kwenye kitabu linaongea, tena kuliko mimi.

BARAKA: Hilo sasa haliwezekani dada.

NEEMA: Mxiuu. Kimetoka London 1818, toleo la kwanza halikuwa hata na jina la mwandishi, na alianza kukiandika ana miaka 18.

BARAKA: Miaka 18 mi nilikuwa nakopi homuweki. Sasa mimi kilichonishika ni pale kibandani. Victor Frankenstein, mwanafunzi wa sayansi, kaliunda lile jitu, limefungua macho tu jamaa katoka nduki, kakikimbia kiumbe chake mwenyewe. Limezurura porini mpaka likajificha kwenye kibanda kilichoegemea nyumba ya familia ya De Lacey, likawa linawachungulia kwenye upenyo wa ubao, njaa ikiuma usiku linawaibia chakula. Halafu likaja kuona kumbe hawa wenyewe hawana, vijana wanampa mzee wao wanakaa hivi hivi, basi likaacha kuiba, likawa linakula matunda na mizizi ya porini, na usiku linachukua vifaa vya kijana wa pale linaenda kuwatafutia kuni.

NEEMA: Na hapo hata kuongea bado.

BARAKA: Si ndo hapo! Hajui kusoma, hajafundishwa na mtu, jina hana mpaka kitabu kinaisha, lakini utu anao.

NEEMA: Sawa ila usimpambe sana. Kamuua William, mdogo wake Victor, mtoto kabisa, tuseme hasira. Lakini akachukua kile kidani chenye picha ya mama yao, akaenda kumwekea Justine kwenye nguo akiwa kalala, dada wa watu mfanyakazi tu wa nyumbani, kanyongwa bure. Hiyo sio hasira, hiyo kaipanga.

BARAKA: Alikuwa keshakataliwa lakini. Mzee De Lacey ni kipofu, waliongea vizuri tu, wenye macho walivyorudi Felix, kijana wa mzee, akalitandika jitu fimbo.

NEEMA: Wangapi wamefukuzwa na hawajaua mtu?

BARAKA: Eeh, hapo umenibana. Ila na Victor mwangalie basi, alijua kabisa Justine hajaua, na mahakamani yupo, anajiambia nikisema wataniita chizi, akanyamaza. Na huyu ana baba, ana mchumba, kasoma chuo kikuu Ingolstadt huko Ujerumani.

NEEMA: Huyo ndo ananikera kuliko wote, maana bado anatuambia eti mateso yake yanazidi ya Justine! Yanazidi nini na wewe uko hai?

BARAKA: Na kifungua kinywa unakunywa.

NEEMA: Haya tupumzike kidogo, tukirudi tuingie kwenye lile ombi la kuundiwa mke, maana mi naona Victor alikuwa sahihi kukataa na najua hapo huyu kaka atanipandishia.